Jozi Mbili za Vizibo

Kila kundi jipya la kurutu lilipoingia kwenye banda letu la shabaha, baba mdogo alianza somo kwa kuvua kiatu. Alikaa kwenye kiti mbele yao, akavua kiatu cha kulia, akavua na soksi, akainua kisigino chake kilichopasuka kama kiazi kilichosahauliwa juani, akakigonga kwa ganda la risasi. Ko, ko, ko.

"Mmeona? Nimekua peku. Hapa mwiba hauingii, unapinda. Sasa na sikio nalo ni nyama tu kama kisigino. Ukilidekeza linabaki laini. Ukilitembeza peku linakomaa."

Kurutu walicheka, naye aliwaacha wacheke mpaka wachoke. Kisha aliwapanga mstarini, kila mmoja na bastola yake na risasi ishirini, masikio wazi. Hilo tuliliita kukomaza. Banda lenyewe lilikuwa ghala zamani, kuta za matofali na paa la bati, na mlio wa bastola humo ndani hauna pa kwenda. Unagonga ukuta, unakurudia, unakupiga tena. Aliyegusa sikio alianza upya kutoka risasi ya kwanza. Wakimaliza, wanatoka nje wakitikisa vichwa, wote wanasikia kitu kinalia ndani, tulikiita nyenje. "Nyenje wakiimba," baba mdogo aliwaambia, "ujue sikio linaota gamba."

Kampuni yetu ni ya ulinzi, na walinzi wetu walisifika kwa jambo moja: hawashtuki. Wateja waliletwa kuangalia mazoezi, bosi akisimama nao nje ya dirisha la kioo, akawaonyesha. Risasi zinalia, watu wamesimama kama nguzo. Kazi hiyo ilikuwa ya baba mdogo. Kurutu walimwita Kisigino, mbali naye, na naye alijua na alilipenda hilo jina. Mimi nilimwita Mkufunzi kazini na Baba nyumbani, maana ndiye aliyenilea. Baba yangu mzazi, kaka yake, alifariki nikiwa na miaka tisa, na baba mdogo alinichukua siku ileile ya mazishi, na mfuko wangu wa nguo, bila kikao wala mjadala. Sikuwahi kulisahau hilo. Ndiyo maana hiki ninachokisimulia kinaniuma namna hii.

Mimi mwenyewe nilikomazwa miaka kumi na miwili iliyopita. Kulia kwangu mstarini alisimama mtoto wa baba mdogo wa kumzaa, tuliyekula naye sahani moja tangu utoto. Huyo ni kaka yangu, sina neno jingine la kumwita. Risasi ya kwanza ilipolia nilihisi kama mtu amenichoma msumari, na mkono ukapanda sikioni wenyewe. Nikaanza upya. Ya saba, mkono ukapanda tena. Nikaanza upya tena, machozi yakinitoka. Kaka yangu alipiga zake ishirini kama mtu anayemwagilia bustani.

"Mtazame kaka yako!" baba mdogo alipaza sauti mbele ya wote. "Hata kope haijacheza. Au mmoja wenu nilimwokota njiani?"

Watu walicheka. Na mimi nilicheka, maana msichana yatima akitaniwa na anayemlisha hucheka. Nikafunga meno, nikamaliza. Tangu siku hiyo niliapa kwamba hakuna atakayeniona nashtuka tena, na kweli hakuna aliyeniona. Kaka alikaa bandani miaka miwili akahamishiwa ofisini, akawa mtu wa kupokea simu. Mimi nilibaki, nikawa mkono wa kulia wa baba mdogo. Nimekomaza makundi kumi na saba kwa mikono yangu. Nilisimama nyuma yao, kulia kidogo, sikio la kushoto likielekea mitutu, nikawaambia maneno yaleyale ya kisigino, ila mimi sikuvua kiatu. Mwanafunzi wangu wa kwanza kabisa nilimfanya msaidizi. Tunamwita Kelele, kwa sababu hata akikuomba chumvi ni kama anamfukuza mwizi. Tulimcheka sana kwa hilo. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kwa nini mtu aliyekuja bandani mpole, anaongea chini chini, amegeuka spika.

Mwaka huu baba mdogo alitimiza umri wa kustaafu. Aliulizwa na bosi nani arithi banda, na alinitaja mimi. Si mwanawe, mimi. Alinitaja mbele ya watu, akaniwekea mkono begani, akasema, "Huyu ndiye niliyemkomaza kuliko wote." Nilienda chooni nikajifungia nikalia kwa furaha. Mtu mzima.

Lakini ofisi ilikuwa imepokea agizo jipya: mkufunzi mkuu, anayetoka na anayeingia, lazima apimwe masikio. Asiyefaulu hasimami tena kwenye mstari wa risasi. Baba mdogo alitangulia kupimwa, akarudi na karatasi yake akaibandika kwenye ubao wa matangazo kwa pini nne, moja kila kona, isije ikapeperuka. "Miaka thelathini na moja!" alisema. "Masikio kama ya mtoto! Nani bado anabisha habari ya kisigino?" Hakuna aliyebisha. Mimi ndiye niliyepiga makofi zaidi.

Siku moja kabla ya zamu yangu aliniita pembeni, karibu na kabati la bastola.

"Mwanangu, mpimaji anakaa nyuma ya kioo," aliniambia. "Usihangaike na masikio. Mtazame bega. Bega likicheza, ujue ametuma mlio, wewe bonyeza."

Nilimshukuru. Nilijua ni mzazi anamsaidia mtoto mtihani. Sikujiuliza amejuaje kwamba mtihani huo utanishinda.

Mpimaji alikuwa mdada mdogo kwangu, miwani, koti jeupe lililopauka mikononi. Aliniingiza kwenye kichumba kama kabati, mlango mzito, akanivika kofia ya spika, akanipa kitufe. Kisha akakigeuza kiti changu kikatazama ukuta. Bega la mtu sikuliona tena.

"Ukisikia mlio, hata uwe mdogo vipi, bonyeza."

Nilikaa. Nilisikiliza. Nyenje wangu walikuwa wakiimba kama kawaida, maana wangu hawalali, na kati ya kelele zao nilijaribu kuutafuta mlio wa mpimaji. Mara niliupata, nikabonyeza. Mara nilibonyeza nyenje. Kulikuwa na vipindi virefu vya kusubiri, nikawa nasema moyoni, huyu dada ni mzembe, ameenda kunywa chai na kuniacha humu. Mwishowe mlango ukafunguliwa.

"Tumemaliza," alisema.

"Mbona hujaanza upande wa kushoto?"

Alinitazama. "Wa kushoto ndio nilioanza nao."

Alinionyesha karatasi. Mstari ulianza juu vizuri, kisha ukashuka, na ule wa kushoto haukushuka, ulianguka. Alinieleza kwa utaratibu, akinitazama usoni ili nimwelewe. Ndani kabisa ya sikio, alisema, kuna vinywele vidogo visivyoonekana kwa macho, ndivyo vinavyopokea sauti. Mlio mkubwa unavilaza. Mkivipumzisha, vingine vinainuka. Mlio wa bastola, hasa ndani ya nyumba, unavivunja, na vikivunjika havioti tena. Vinaanza kufa vya sauti nyembamba: ndege, kengele, sauti za watoto.

"Una mtoto?"

"Ninaye, wa miaka saba. Ila yeye anamung'unya maneno."

Mpimaji alishusha macho kwenye karatasi. Hayo macho ndiyo yaliyonieleza. Mwanangu hamung'unyi. Mwalimu wake wa darasa alishaniambia kwamba ndiye anayewasomea wenzake hadithi kwa sauti, nikadhani ananipaka mafuta. Kila jioni nilimkemea yule mtoto: fungua mdomo, sema kama mtu, una maji mdomoni? Siku hizi ameacha kunisemesha kutoka mbali. Anakuja, ananivuta mkono wa shati, anasubiri nimwangalie, ndipo anasema. Nilidhani ni adabu.

"Mnavaa nini mkipiga risasi?" mpimaji aliuliza.

"Hatuvai. Tunakomaza."

Aliweka kalamu chini. "Dada, sikio halikomai. Linakufa. Likishakufa halishtuki, ndiyo unadhani limekomaa."

Hapo hasira ikanipanda. Nilimwambia kwamba mkufunzi wetu ana miaka thelathini na moja kwenye mstari, na yeye mwenyewe mpimaji ndiye aliyempima, na karatasi yake iko ukutani na pini nne.

"Basi huyo mzee anavaa kitu," alisema.

"Huyo mzee ni baba yangu. Chunga mdomo wako."

Nilinyakua karatasi yangu nikatoka bila kuaga. Nikiwa njiani nilitafuta wa kumlaumu na nilimpata upesi: mimi. Sikio langu lilikuwa bovu tangu mwanzo, ndiyo maana nililia siku ile na kaka hakulia. Wengine wamekomaa, mimi nimeoza. Hivyo ndivyo nilivyomwamini yule mtu. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nililisikia la mkuu, nikavunjika sikio, na bado nilikuwa upande wa mkuu.

Nilikwenda nyumbani kwake moja kwa moja. Nilitaka ajue kutoka kinywani mwangu kabla ofisi haijajua, na nilitaka, niseme ukweli, anifariji. Ilikuwa mchana wa Jumamosi. Hakuwepo, mama mdogo alikuwa uani kwenye karo, anataka kuloweka sare zake. Nilimwamkia, nikachukua kiti nikakaa mlangoni. Alikuwa akipekua mifuko kabla ya kuzitia nguo kwenye maji, anaweka vitu juu ya ndoo iliyopinduliwa: funguo, kalamu, kitambaa, kikopo kidogo cha bati cha duara.

Nilidhani kile kikopo ni mafuta ya mikono. Mikono yangu ilikuwa imekauka kwa mafuta ya kusafishia bastola, nikakifungua nijipake kidogo. Ndani kulikuwa na vitu viwili vya mpira laini, rangi ya ngozi yetu hasa, vimefinyangwa kwa mikunjo na vishimo. Nilivigeuza kiganjani. Umbo lake lilikuwa la tundu la sikio.

"Mama, hivi ni nini?"

Alijibu amenipa mgongo na bomba linamwaga maji, sikupata neno. Nikarudia. Akageuka.

"Si vizibo vyake vya kazini? Vya masikio. Kwani vyenu nyinyi vikoje?"

Mdomo ulibaki mtulivu. Mdomo wangu una akili kuliko mimi. "Vya kwetu ni tofauti," nikamwambia. "Hivi alivipata lini?"

"Uuh, hivi vya juzi tu. Hubadilisha kila vikichakaa. Kuna fundi anamtengenezea, anakumiminia kitu sikioni kinaganda, ndiyo kinakukaa sawasawa, hata mtu akusogelee hakioni. Huyo fundi wa sasa tulimwendea wote watatu mara ya kwanza, nakumbuka maana tulinyeshewa."

"Watatu nani?"

"Mimi, baba yako na kaka yako. Wiki ileile kabla hamjaanza mafunzo. Akafanya jozi mbili, moja ya..."

Hapo aliniona uso. Alinyoosha mkono akafunga bomba bila kuangalia, na maji yakaendelea kudondoka. Mama mdogo si mtu mbaya. Amenisuka nywele, ameniuguza tetekuwanga, amenifundisha mambo ambayo msichana hufundishwa na mama. Alisogea akashika ukingo wa karo.

"Kwani wewe hukupewa?" aliuliza. "Aliniambia wewe utachukua vya kampuni. Mwanangu, aliniambia kampuni itakupa."

Nilikuwa nahesabu. Kaka yangu mstarini, kope haichezi. Anamwagilia bustani. Na mimi pembeni yake nimeanza upya mara ya pili, damu inanipiga kichwani, na yule mtu anasema, au mmoja wenu nilimwokota njiani.

Tulimsubiri baba mdogo. Aliingia na mfuko wa fundi cherehani, suti ya kuagia, anapiga mluzi. Aliona kikopo wazi kwenye mapaja yangu na mluzi ukakatika. Kwa kweli sijui ulikatika saa ngapi. Niliona midomo imetulia.

"Mwanangu," alianza.

"Nimepimwa," nilisema. "La kushoto limekwisha. La kulia liko njiani."

Aliutundika mfuko wa suti kwenye msumari, taratibu, kama mtu anayenunua muda. Kisha akavuta kigoda akakaa mbele yangu, upande wa kulia. Upande wa kulia! Miaka mingapi amekuwa akikaa upande wangu wa kulia na mimi nadhani ni mazoea tu?

"Ulijua," nikamwambia. "Ndiyo maana ukanifundisha kutazama bega."

"Nilianza kuona kama miaka mitano iliyopita," alisema.

Hakukana. Nilitaka akane, nimshike uongo, nipate pa kupigia kelele. Alinieleza yote na macho chini. Alipokuwa kurutu naye alikomazwa, na mwalimu wake aliwacheka waliovaa vizibo, akawaita bibi harusi. Siku ya pili hakusikia kitu mpaka jioni, akaogopa, akatafuta fundi kimyakimya. Akawa anasimama mstarini ametulia, watu wakashangaa, wakasema huyu ni chuma. Akapandishwa. Akapewa banda. Bosi akaanza kuleta wateja. Hilo la kisigino alilibuni kwa utani, siku moja tu, watu wakacheka, bosi akacheka, kesho yake wakaomba alirudie.

"Ningewavalisha wote, ningekuwa nani?" alisema. "Jina langu lote limesimama juu ya hayo."

"Na kaka?"

"Mama yake aliniapisha. Alinishika mkono humu humu ndani, akaniambia mwanangu asiharibike."

Mama mdogo aliguna kwenye karo kama aliyechomwa.

"Na mimi," nilimuuliza, "nani angekuapisha? Aliyepaswa kukuapisha ulimfukia mwenyewe."

Baba mdogo alifunika uso kwa kiganja. Nilimwacha afunike, lakini sikumwacha apone. "Fundi mlimkuta, mvua mlinyeshewa, jozi ya tatu ingewezekana. Ilikuwa kazi gani kunichukua?"

Alishusha kiganja usoni. "Wewe ulikuwa muulizaji," alisema. "Kaka yako ukimwambia nyamaza ananyamaza. Wewe ungevaa, halafu ungeuliza, na wenzangu je? Nilikujua. Nikasema, huyu nikimpa, keshokutwa banda zima limejua."

Hebu fikiri. Nilinyimwa kwa sababu alijua ningewatetea wenzangu. Kisha akanichukua mimi huyo huyo, akanifanya mdomo wake wa kuwaharibia. Kikulacho ki nguoni mwako, nimekisikia kikisemwa mara elfu. Sikujua kinaweza kukulea pia, kikakununulia madaftari, kikakaa kitandani kwako ukiwa na homa.

"Ndiyo maana nimekupa banda," aliongeza, kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi. "Nilitaka upate kitu. Hiyo karatasi niachie. Kuna mtu namfahamu, Jumatatu utakuwa na nyingine safi."

Nilidhani kufikia hapo hakubaki cha kuniuma, kumbe kilikuwepo. Ule mkono begani mbele ya watu, yale machozi yangu ya furaha chooni. Hayakuwa mapenzi. Yalikuwa fidia.

Niliikunja karatasi yangu nikaitia kifuani, nikamuaga mama mdogo, na baba mdogo sikumuaga.

Jumatatu asubuhi kurutu tisa walikuwa wamekaa kwenye benchi bandani, wapya, vitambi bado havijawatoka. Kelele alikuwa akigawa risasi kwenye vikopo, ishirini kila kimoja. Baba mdogo alikuwa mbele yao kwenye kiti, kwa somo lake la mwisho, baada ya hapo anikabidhi filimbi. Kiatu kimeshavuliwa. Soksi imeshavuliwa. Nadhani aliamini sitakuja, au nikija nitakuwa mtoto wa nyumbani. Sikio halipiti kichwa, ndivyo alivyonilea.

Nilisimama mbele yake. "Mkufunzi, kabla ya kisigino, toa kwanza ulivyovaa masikioni."

"Tutaongea nyumbani, mwanangu."

"Nyumbani tumeshaongea."

Niliwageukia kurutu nikawaambia. Niliwaambia kuhusu vinywele, na kifo cha sauti nyembamba, na karatasi ya ukutani na pini zake nne. Niliwaambia hakuna mtu atakayegusa bastola humu masikio yakiwa wazi, leo wala kesho, na kama bosi ana wageni wa kuonyesha, awaonyeshe picha. Kurutu wawili walicheka wakidhani ni sehemu ya somo. Walipomwangalia mzee wakaacha. Alikuwa ameinamisha kichwa. Alipeleka kidole sikioni, akachomoa kimoja, akachomoa cha pili, akaviweka juu ya meza kando ya ganda la risasi. Alionekana mdogo. Aliokota soksi yake, akatoka nje na kiatu mkononi. Roho iliniuma kumwona vile. Sitaki kudanganya, iliniuma sana.

Nilijua Kelele atapiga ukelele. Alikuwa ameganda na kikopo cha risasi mkononi, anavitazama vile vizibo. Lakini macho yake yalipotoka mezani hayakumfuata mzee. Yalikuja kwangu.

"Mwalimu," alisema, na safari hii aliongea chini, nikalazimika kumtazama midomo. "Mimi hakunikomaza yeye. Ulinikomaza wewe."

"Ndiyo."

"Ulisimama nyuma yangu. Ukaniambia nyenje wakiimba linaota gamba."

"Ndiyo, nilikuambia."

"Mke wangu amehamia chumba kingine kwa sababu ya redio yangu. Mimi nilidhani ananitafutia sababu." Alikiweka kikopo mezani. "Na wewe ni mtoto wake yule."

"Nililelewa naye."

"Basi tutajuaje na wewe huna vyako?"

Nilitoa karatasi yangu kifuani nikamnyooshea. Hakuipokea. Alielekeza kidole kwenye ubao wa matangazo, kwenye ile nyingine, ya pini nne. Miaka kumi na miwili yule mtu aliniambia neno, nami nikaliamini kwa sababu ni baba. Huyu nilimwambia neno, akaliamini kwa sababu ni mimi. Hakuwa na sababu ya kuliamini jingine.

Nikavua kofia. Nikazikusanya nywele nikazishika juu kwa mikono miwili, nikapiga goti kwenye sakafu ya banda mbele ya kurutu tisa, nikageuza kichwa.

"Angalia," nikamwambia.

Kelele alichukua ile tochi nyembamba tunayokagulia mitutu. Alikuja upande wa kulia, akanivuta sikio kidogo, akamulika. Alichukua muda wake, kama anavyokagua bastola ya mtu asiyemwamini. Kisha akazunguka upande wa kushoto. Nilihisi vidole vyake, nilihisi joto la tochi, nilihisi pumzi yake shingoni. Nikasubiri. Alisimama pale muda mrefu kuliko upande wa kwanza na magoti yakaanza kuniuma.

"Umeona nini?" nikamuuliza.

Nikasubiri tena. Kurutu wa mwisho kwenye benchi, msichana, aliyekuwa akinitazama usoni, aliinamisha kichwa.

"Ameshakujibu, Mwalimu," alisema. "Mara mbili."